Jaketi la kujaza hewa: lini linahesabika?

Nina karakana ya injini za boti pale Industrial Area, Nairobi, mbali na maji yoyote ya maana. Wateja wangu ni watu wa wikendi. Boti hulala kwenye trela Karen au Kasarani wiki nzima, Jumamosi ikavutwa hadi Ziwa Naivasha. Siku hizi wengi huja na yale majaketi membamba ya kuokoa maisha majini, ya kujaza hewa, waliyotumiwa na jamaa wa ng'ambo. "Fundi, haya yanakubalika?" Nami huwauliza: atavaa nani, na kimtungi kina gesi?

Jaketi la sponji halina mambo mengi. Mradi halijachanika wala kuoza, linaelea. La hewa ni mashine unayoivaa shingoni: kimtungi cha kaboni dioksidi, sindano ya kukitoboa, na kwa yale yanayojijaza yenyewe, mara nyingi kidonge kinachoyeyuka kikilowa na kuiachia sindano.

Anza na lebo. Mawili yangu yalitoka kwa shemeji aliyeko Minnesota, kwa hiyo yana namba ya idhini ya Walinzi wa Pwani wa Marekani. Lebo inasema mvaaji awe na miaka 16 kwenda juu na uzito unaozidi pauni 80, yaani kama kilo 36. Si ya pikipiki za maji, wala ya kuteleza ukivutwa na boti. Sheria ya kule inataka kila aliyemo botini awe na jaketi lililoidhinishwa, linalomtosha na lisilo na hitilafu. Boti ya futi 16 au zaidi huongeza boya la kurusha. Kayaki na mitumbwi zimesamehewa hilo. Watu hukwama hapa: baadhi ya majaketi ya hewa yameandikwa kwamba hayahesabiki mpaka yavaliwe. Ukiyaficha chini ya kiti, ni kama hukuyabeba. Na mtoto aliye chini ya miaka 13 anatakiwa avae boti ikiwa mwendoni, isipokuwa yumo ndani ya kabini, ama jimbo lina sheria yake. Kwa kuwa la hewa ni la miaka 16 kwenda juu, huyo mvalishe sponji.

Ya Ulaya soma nyutoni, yaani kipimo cha nguvu ya kuelea: 50 ni ya anayejua kuogelea na msaada uko karibu, 150 limekusudiwa kumgeuza hata aliyezimia, uso utazame juu.

Huku kwetu boti ndogo, za baharini na za maziwani, hukaguliwa na Mamlaka ya Bahari ya Kenya, KMA. Lebo ya Marekani haikuondolei ukaguzi huo. Mpelekee mkaguzi jaketi lenyewe alione kabla hujamwaga pesa kwa mengine.

Sasa lifungue. Kialama kiwe kijani. Chekundu maana yake limeshafyatuka au halijafungwa sawasawa. Fungua kimtungi kwa mkono. Kikiwa na tundu mdomoni, kimekwisha. Kikiwa na kutu, kitupe. Kipime kwenye mizani ya jikoni, ulinganishe na uzito uliochapishwa juu yake. Halafu kirudishe ukikaze kwa mkono, maana hulegea chenyewe safarini. Tazama tarehe ya kidonge. Mwisho pulizia jaketi kwa mdomo kupitia mrija wake, uliache hadi kesho. Likilegea, linavuja. Usivute kamba ya kulifyatua likiwa tayari limejaa pumzi yako, utalipasua. Na usivae sweta au koti la mvua juu yake: likijaa litakubana kifua.

Shemeji akija nayo kwa ndege, aombe idhini ya shirika mapema. Kwa kawaida huruhusiwa vimtungi viwili ndani ya jaketi na viwili vya akiba. Hivyo vya akiba asiviache; mimi kuvikosa kulinikosesha raha.

Mwaka fulani wa mvua nyingi tulishuka kwa njia ya Mai Mahiu, majaketi yamerushwa nyuma ya pikapu bila turubai. Tukasikia paa! Nikajua ni tairi. Nasimama, natazama nyuma, jaketi moja limevimba kama chura. Mvua ilikuwa imelowesha kidonge, na kimtungi cha akiba sina. Tulikuwa watu watano na majaketi matano. Tulipofika ziwani yalikuwa manne. Mke wangu alinitazama tu. Yeye, watoto wawili na mgeni wetu walipanda, mimi nikabaki ufuoni nikala tilapia na kuhesabu viboko, na tangu siku hiyo majaketi husafiri kwenye pipa la plastiki lenye kifuniko.