Jinsi ya kucheki muvi za majambazi za Uingereza ukimfuata mwanamke, sio stelingi

Sisi tuliokulia kwenye mabanda ya video ya Kirumba, Mwanza, tumezoea kumfuata stelingi, akipiga tunashangilia, akikimbia tunakimbia nae, demu akitokea kwenye skrini ndo muda wa kutoka kununua karanga. Kwenye muvi za kihalifu za Waingereza ukifanya hivyo unaikosa nusu ya stori kabisa.

Anza na The Long Good Friday ya 1980. Usianze na Lock, Stock and Two Smoking Barrels ya 1998, ile wanawake karibu hamna, ni wanaume wanatambiana mwanzo mwisho, hiyo weka baadae.

Mara ya kwanza icheki kawaida tu ujue stori, Harold Shand bosi wa London anavyolipuliwa mali zake na hajui adui ni nani. Mara ya pili achana na Harold, mfuate Victoria, mwanamke wake, kacheza Helen Mirren. Kila akitokea simamisha kidogo ujiulize: anajua nini, pesa anaishika nani, na mambo yakichafuka nani anawatuliza wageni? Hilo la pesa usiliruke, hata hapa Mwaloni, sokoni kwa samaki na dagaa, mwenye mtumbwi ndo anajulikana mwalo mzima ila daftari la madeni ya dagaa liko kwa mama, na ukitaka kujua biashara inaendaje unamuuliza yeye. Victoria ndo yuko hivyo, Harold anapandwa na hasira yeye anakaa na wale wageni, Wamarekani wenye hela waliokuja kufanya biashara na Harold, anawaweka sawa. Na haikuja hivihivi, Mirren mwenyewe alipigania hiyo nafasi iongezwe uzito asiwe pambo la jambazi. Mwishoni watu wote wanakumbuka sura ya Harold ndani ya gari, we angalia gari lingine, Victoria nae kabebwa.

Afu ndo uje Sexy Beast ya 2000. Don Logan anakuja kumlazimisha Gal, jambazi aliyestaafu, arudi kazini, anawatisha wanaume wazima mpaka wanashindwa kuongea, sasa we subiri uone bunduki anakuja nayo nani, ni Deedee, mke wa Gal.

Get Carter ya 1971 iache ya mwisho maana inaumiza. Michael Caine ni Jack Carter, anarudi Newcastle kulipiza kifo cha kaka yake, na humo wanawake wanalala nae, wanapigwa, wanakufa. Hapa swali ni moja tu, kamera inamuonea huruma nani?

Na usicheki na masela peke yenu, mwite mama, mwite dada. Mi niliicheki na dada yangu Igoma, ikafika pale wale jamaa wanalisukuma gari majini na Glenda, mmoja wa wale wanawake waliolala na Carter, yumo kwenye buti, Carter anaangalia tu, nilishaiona mara kibao sijawahi kushtuka. Dada akaniambia rudisha nyuma. Nikarudisha. Akauliza, "Kwani huyu alijua yumo humo?" Nikamwambia alijua, yeye ndo alimfungia.