Kusukuma Chapati na Mtoto wa Miaka 3

Wazazi wengi husubiri likizo au sikukuu ndipo wafurahi na watoto wao, ilhali mtoto wa miaka 2 hadi 5 hajui likizo ni kitu gani. Anachotaka ni kuwa ndani ya kazi unayoifanya. Basi usihangaike kutafuta muda mpya. Chukua kazi moja ambayo ungeifanya tu, iongezee dakika 20, na mpe humo kazi ya kweli. Chapati zinafaa kuliko mapishi mengi: donge halikati, halivunjiki, na nusu ya shughuli iko mbali na moto.

Chagua saa kwanza. Asubuhi ya Jumamosi, akishakunywa uji, ni sawa. Saa 1 jioni, ana njaa na usingizi na wewe umechoka, mtagombana tu. Shughuli yote huchukua kama saa 1 na nusu, pamoja na nusu saa ya kuacha unga upumzike. Simu iache chumba kingine. Ukitaka picha, piga moja kisha uirudishe, kwani mtoto akizoea kurekodiwa huacha kukanda na kuanza kuigiza.

Kaeni chini. Tandika mkeka, weka sinia pana katikati, na unga utakaomwagika utabaki humo. Mtoto akisimama kwenye kiti ili afikie meza utashinda unamshika asianguke, na hamtaongea chochote.

Kwa chapati 8 hivi, pamoja na moja ndogo ya mtoto: unga wa ngano nusu kilo, chumvi kijiko kidogo 1, mafuta vijiko vikubwa 3, maji ya uvuguvugu kikombe 1 na robo. Kabla ya kuanza, chota nusu kikombe cha unga uweke pembeni. Huo ndio akiba yako maji yakizidi, na mwingine utanyunyizia kibao. Nawisheni mikono kwa sabuni, kucha zikiwemo.

Mtoto ndiye atakayemimina maji. Usimpe jagi. Pima maji yote mwenyewe, kisha mjazie kikombe kidogo cha plastiki, robo kwa robo. Hata akimwaga yote kwa mkupuo, hajaharibu kitu. Unga ukishashikana, mkatie donge la ukubwa wa limau liwe lake, wewe ukande lililobaki kwa dakika 10. Lake litakuwa gumu baada ya muda, kwa sababu kila linaponata ataliongezea unga. Mpake mafuta viganjani badala ya unga na litabaki laini. Asionje: unga mbichi unaweza kuwa na vijidudu vya kuharisha, hata ukionekana msafi.

Hapa ndipo penye utamu wenyewe, na ndipo wazazi wengi wanapoharibu kwa maswali. “Hii rangi gani? Umetengeneza nini? Yako mangapi?” Mtoto aliyezama kwenye donge hataki mtihani. Taja anachokifanya: “Umelibonyeza. Limelala.” Kisha nyamaza, uhesabu kimoyomoyo hadi 5. Kwetu sisi wakubwa kimya hicho ni kirefu, lakini mtoto wa miaka 3 anakihitaji ili apange maneno. Akigusa donge na kusema “baridi”, lichukue neno lake ulirefushe kidogo: “Baridi, eeh. Hebu lipakae mafuta tuone litakuwaje.” Asiposema kitu, endelea kukanda. Kukaa pamoja bila maneno nako ni kukaa pamoja.

Funika unga kwa kitambaa kibichi dakika 30. Ukiukatiza muda huu, donge litajivuta kila ukilisukuma, na mtoto atakata tamaa mapema kuliko wewe. Huu ndio muda wa kumtoa nje akojoe, anywe maji, akimbiekimbie. Dakika 10 hadi 15 za kukaa na jambo moja zinamtosha kwa umri wake.

Kwenye kusukuma, mti wa kusukumia wa watu wazima ni mzito kwake. Chupa ndogo ya plastiki ya maji, iliyojazwa na kufungwa vizuri, inasukuma vizuri tu. Chapati yake itatoka kama ramani. Usiirekebishe. Ukiichukua na kuizungusha iwe duara, umeshamwambia kazi yake haikufaa, na chapati inayofuata ataikataa. Angalia kitu kimoja: pakiwa na sehemu nene, mwambie aipigepige kwa kiganja, la sivyo nje itaungua na ndani itabaki mbichi. Ichome mwisho, moto ukiwa umepungua.

Jiko lina sheria yake moja, nayo haina majadiliano: ukingo wa mkeka ndio mpaka, na uwe umbali wa angalau mita 1 kutoka kwenye moto na kikaango. Asipoweza kuuheshimu siku hiyo, mtu mwingine akae naye, au uahirishe kuchoma mpaka alale. Mafuta ya moto hayangoji mafunzo.

Kuna mkubwa mmoja nyumbani atakayesema mnachezea chakula. Mwonyeshe hesabu: limepotea donge moja kati ya 9, tena huenda halikupotea, kwa sababu chapati ya ramani ndiyo mtoto atakayompelekea yeye kwenye sahani. Malalamiko huishia hapo. Kusafisha, fagieni unga ukiwa mkavu kabla ya kupitisha kitambaa chenye maji. Ukilowa hunata kama gundi.

Siku isiyo na chapati, kuna kuoga. Maji ya baridi yatangulie kwenye beseni, ya moto yafuate, upime kwa kiwiko. Kina cha vidole 4 kinatosha. Mpe kikombe na chujio, amimine. Usimwache hata kidogo kwenda kufungua mlango, kwani mtoto huzama kwenye maji machache na hapigi kelele.

Na kuna vitendawili kabla ya kulala, kuanzia miaka 4 hivi. Viwe viwili au vitatu, visile muda wake wa kulala: mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa 2019 unampa mtoto wa miaka 3 hadi 4 usingizi wa saa 10 hadi 13 kwa siku. Anza na vitu anavyovishika kila siku. “Kitendawili!” Aitikie “Tega!” “Nyumba yangu haina mlango.” Akisema ni kabati, mpe nafasi ajaribu tena. Akishindwa, mwombe mji kama kawaida. Atakupa “kwa bibi” au “dukani”, na huo ni mji halali: nenda, kaa huko kidogo, kisha umwambie ni yai.