Kulinda afisi ya serikali bila ya kuwafungia wananchi mlango

Shambulizi likitokea, hata katika nchi jirani, amri ya mwanzo huwa ni kufunga mageti na kuwasimamisha watu juani. Kufanya hivyo ni kuanza kubaya. Kinachotakiwa kuwekwa mbali na jengo ni gari. Mwananchi anaweza kubaki karibu.

Tarehe 7 Agosti 1998 balozi za Marekani zilishambuliwa kwa malori ya mabomu. Dar es Salaam walikufa watu 11, Nairobi 213. Kule Dar es Salaam lori halikufika ndani, kwani langoni lilikuwepo gari la maji. Kule Nairobi wengi waliumizwa na vioo: walisikia kishindo cha mwanzo, wakakimbilia madirishani kutazama, kisha bomu likaripuka. Kwa hivyo anza na masafa, halafu vioo, ndipo ufike mlangoni.

Masafa

Chukua futi kamba upime kutoka ukutani hadi pahala pa karibu kabisa ambapo lori linaweza kusimama. Nguvu ya mripuko hupungua kwa kasi kubwa: ukitoa gari mita 10 ukalipeleka mita 20, kishindo kinachofika ukutani hakipungui nusu tu, hupungua zaidi ya hapo. Hamisha maegesho yote, pamoja na gari la mkubwa. Mipango mingi huharibikia hapo: gari moja huruhusiwa chini ya baraza ya mbele, na baada ya mwezi yameshakuwa sita.

Kwetu Zanzibar, Wete au Chake Chake kule Pemba afisi nyingi zina kiwanja, nafasi ipo. Mji Mkongwe wa Unguja hakuna, na kuta za vichochoro huurudisha mripuko badala ya kuuacha utawanyike. Huko zuia magari kwa saa: mizigo iingie asubuhi kabla ya kazi, gari likaguliwe mwanzo wa njia, sio mlangoni.

Nguzo na baraza

Magari yazuiwe kwa nguzo fupi zilizosimikwa mbele ya jengo. Nafasi wazi kati ya nguzo na nguzo isizidi sentimita 120, wala isipungue 90, ili kiti cha magurudumu kipite. Nguzo ya bomba iliyochomekwa kwenye mchanga hung'oka kwa kusukumwa. Misingi yake iungwe chini kwa zege na nondo, na mhandisi apige hesabu kwa uzito na mwendo wa gari linalohofiwa. Kwa chumvi ya bahari yetu, tumia bomba lililochovywa zinki, na sakafu izungukayo nguzo iwe na mteremko wa kutoa maji. Kutu huanza pale bomba linapotoka kwenye zege, na rangi huificha mpaka nguzo imeshaoza.

Kizuizi kinachotufaa zaidi ni baraza ya kukalia. Watu hupumzika, wazee husubiri, wala hapaonekani kama kambi. Lakini baraza ya sentimita 45 lori huipanda. Ijengee mgongo wa zege wenye nondo, jumla ifike kama mita 1, msingi wake ukiwa mmoja na kikalio. Vyungu vya maua visivyofungwa chini havizuii kitu, husukumwa tu.

Acha njia ya mita 4 yenye nguzo zinazofunguliwa kwa ufunguo na kuondolewa, kwa ajili ya zimamoto. Ufunguo mmoja uwe kwa mlinzi wa zamu, mwengine kwa kikosi chenyewe, na zijaribiwe kila mwezi.

Vioo

Bandika filamu ya kuzuia vioo kutawanyika upande wa ndani, unene usiopungua maikroni 100. Vioo vikubwa, 175. Filamu inayoishia kwenye kioo bila kushikwa na fremu hurusha kidirisha kizima kama sahani. Katika nyumba za mawe na chokaa, hakikisha kwanza fremu yenyewe imeshika ukutani, na usiikaze kwa saruji: saruji hufungia unyevu na chokaa hulegea. Kazi hiyo isianze bila ya kibali cha Mamlaka ya Mji Mkongwe. Wafundishe wafanyakazi: kikisikika kishindo, lala chini, usende dirishani.

Mlangoni

Mtu mmoja akichukua sekunde 20 kukaguliwa, meza moja hupitisha watu 180 kwa saa. Panga kwa 120, maana kuna mikoba, watoto na masuala. Wakija 240 kwa saa, weka meza mbili. Foleni ndefu nje nayo ni shabaha, kwa hivyo ikae nyuma ya vizuizi, chini ya kivuli. Ramadhani saa za kazi hupungua, basi ongeza meza.

Awepo mkaguzi mwanamke na chumba chenye pazia kwa wanaovaa nikabu. Usimrudishe asiyekuwa na kitambulisho: huenda ndicho alichokuja kukitafuta. Mwandike jina na shehia yake, akaguliwe, apite. Malipo na vyeti viwe chini, karibu na mlango, ili wengi wasiwe na haja ya kupanda juu.

Milango yetu ya nakshi hufunguka kwa ndani. Umati ukiisukuma wakati wa taharuki, haifunguki. Saa zote za kazi iwe wazi kabisa na imefungwa kulabu. Mlango wa nyuma usitiwe kufuli.

Kila kizuizi cha dharura kiandikwe tarehe ya kuondolewa, isizidi siku 90. Siku hiyo ikifika, anayetaka kibaki aandike sababu na kutia saini. Asipopatikana, kiondolewe siku hiyo hiyo.