Krismasi ya kujitengenezea Mombasa: anza na unyevu

Maelekezo mengi ya Krismasi yameandikiwa nchi za baridi, ambako siagi ikiachwa mezani hubaki imara na biskuti hukaa wiki nzima bila kulegea. Mombasa mwezi wa Disemba kaskazi imeshaanza kuvuma, jikoni ni nyuzi 30 na zaidi, na hewa imebeba maji na chumvi ya bahari. Mtu akifuata maelekezo hayo neno kwa neno, siagi inayeyuka kabla ya kushika hewa, biskuti zinalainika usiku mmoja, na nyaya za mapambo zinaanza kutu kabla mwaka haujaisha.

Kwa hiyo kabla ya kupanga kazi yoyote, uliza: hiki kinanyonya unyevu au hakinyonyi? Kisichonyonya kitengenezwe mwisho wa Novemba, wakati bado kuna nafasi. Kinachonyonya kingoje tarehe 20 na kuendelea, hata kama mikono inawasha.

Nyota ya taa

Hii ndiyo kazi ya kuanza nayo, maana haiharibiki na ndiyo itakayoonekana kutoka barabarani. Nunua pakiti ya vijiti vya mishikaki vya sentimita 30. Unahitaji 12. Kata ncha zote kali, zisije zikatoboa karatasi, na hakikisha vijiti vyote vimebaki na urefu mmoja. Kimoja kikizidi hata nusu sentimita, nyota itakaa upande.

Panga vijiti vitano mezani kwa njia ile ya kuchora nyota bila kuinua kalamu: cha kwanza kitoke chini kushoto kiende juu katikati, cha pili kishuke chini kulia, cha tatu kiende juu kushoto, cha nne kivuke moja kwa moja hadi kulia, cha tano kirudi pale ulipoanzia. Funga pembe tano kwa uzi wa pamba au nailoni, ukizungusha mara tano au sita kwa mtindo wa nane. Usitumie mipira ya kufungia noti, kwani joto la hapa huioza na nyota hufumuka yenyewe. Usitumie waya wa chuma wala pini pia: hewa ya chumvi itauletea kutu na kutu itachafua karatasi. Ukilazimika kutumia waya, uwe wa shaba.

Tengeneza nyota ya pili kama hiyo. Ziweke moja juu ya nyingine na ufunge pembe kwa pembe. Vijiti viwili vilivyobaki vikate vipande vitano vya sentimita 7. Katikati ya nyota vijiti vinakatana mahali patano, na kila mahali hapo ingiza kipande kimoja kusimama kati ya nyota ya mbele na ya nyuma, kisha ukifunge. Hapo fremu inafura na kuwa na tumbo. Ikiwa inapinda, kosa karibu kila mara ni moja: makutano ya katikati yalifungwa kabla pembe hazijasawazishwa.

Karatasi nzuri ni ile nyembamba ya rangi inayotengenezewa tiara. Changanya gundi nyeupe vijiko viwili na maji kijiko kimoja, paka kwenye kijiti wala si kwenye karatasi, bandika, ngoja ikauke, ndipo upunguze kingo kwa mkasi. Ziba mbele yote, kisha pembetatu kumi za ubavuni. Nyuma acha pembe moja wazi ya kupitishia taa. Taa iwe ya LED tu. Balbu ya zamani hutoa joto, na mshumaa ndani ya karatasi, kaskazi ikivuma, ni kujitafutia moto.

Vitambaa na udongo wa kufinyanga

Vipande vya kitenge vilivyobaki kwa fundi hutoa vibendera vizuri: pembetatu za sentimita 15 upande wa juu na 20 kushuka, zishonwe kwenye utepe kwa kuachana sentimita 3. Kwa meza, nenda Biashara Street ukachague doti ya leso nyekundu au kijani, uitandike nzima. Usiikate. Pindo lake ndilo pambo lenyewe, na mwezi wa Januari utaivaa.

Kuna mapambo ya unga na chumvi ambayo kila mahali yanasifiwa: unga vikombe viwili, chumvi kimoja, maji kimoja. Mombasa tunashauri uachane nayo. Chumvi huvuta maji kutoka hewani, kwa hiyo hata kama umeoka pambo likawa kavu kabisa, baada ya siku chache linatoa jasho, rangi inavimba na uzi unakata tundu. Tumia mchanganyiko huu badala yake: bikaboneti ya soda vikombe viwili, wanga wa mahindi (ule mweupe wa kuzitia uzito kastadi, si unga wa sima) kikombe kimoja, maji kikombe kimoja na robo. Koroga ukiwa baridi, kisha pika kwa moto mdogo bila kuacha kukoroga mpaka ushikane kama viazi vilivyopondwa. Funika kwa kitambaa chenye unyevu upoe, ukande, usukume unene wa milimita 5 na ukate maumbo. Toboa tundu kwa mrija kabla haujakauka.

Kausha siku mbili chini ya feni, ukigeuza kila baada ya saa chache. Ukikausha upande mmoja tu, pambo litakunjika. Ukianika juani litapasuka, kwa sababu ngozi ya juu inakauka wakati ndani bado kuna maji. Likishakauka pande zote, paka vanishi pande zote mbili na ndani ya tundu. Watoto wadogo waambiwe mapema kwamba hizi si biskuti.

Vipande vya machungwa vya kutundika navyo vina mtego wake. Vikate milimita 5, vifute maji, viingize oveni ya nyuzi 100 kwa saa tatu hadi nne, ukigeuza kila saa. Kuanika juani hapa huleta ukungu kabla havijakauka katikati. Vikitoka, viweke kwenye mkebe unaofunga vizuri, uvitundike tarehe 23.

Makombe ya baharini yaache baharini. Ndani ya hifadhi ya bahari ya Mombasa kuyaokota ni marufuku, na konokono wengi wanaouzwa wakiwa wanang'aa walikuwa hai walipotolewa majini.

Mti

Mti wa Krismasi wa pwani ni mvinje. Majani yake membamba yanaanguka vizuri, harufu yake ni nyepesi, na kwa ugumu haushindwi: ndio uliokubali kuota katika machimbo ya mawe ya chokaa kule Bamburi, mwanamazingira Rene Haller alipoanza kupanda miti pale mwaka 1971, pahali ambapo sasa panaitwa Haller Park. Lakini ukishakatwa hukauka haraka. Usilete kabla ya tarehe 20. Nunua kwa mwenye shamba au kitalu, usikate ya ufukweni. Ukifika nyumbani kata tena sentimita 2 za shina, usimamishe kwenye ndoo yenye kokoto, ujaze maji na uongeze kila asubuhi. Mbu hawakawii kutaga humo, basi funika mdomo wa ndoo kwa kitambaa. Matawi hayabebi uzito, kwa hiyo mapambo mazito yafunge karibu na shina.

Keki ya matunda

Kwa chombo cha mviringo cha sentimita 20: zabibu kavu gramu 400, tende gramu 150, maganda ya machungwa yaliyopikwa na sukari gramu 100, korosho gramu 100. Unga wa ngano gramu 250, siagi 200, sukari ya kahawia 200, mayai manne, hamira ya keki nusu kijiko cha chai, chumvi kidogo. Viungo: mdalasini kijiko kimoja cha chai, iliki nusu, kungumanga robo, karafuu ya unga robo, vyote visagwe siku hiyohiyo. Ukivinunua Marikiti, nunua vikiwa vizima. Iliki iliyosagwa siku nyingi haina ladha tena.

Maganda ni ya kutengeneza mwenyewe. Chukua machungwa manne yenye ganda nene, chemsha maganda dakika 10, mwaga maji, rudia mara mbili kwa maji mapya ili uchungu utoke. Kisha yapike kwa sukari kikombe na maji kikombe, moto mdogo, dakika 40. Wa nchi zenye hewa kavu huyaanika. Wewe yahifadhi kwenye shira yake ndani ya friji, kwani ukiyaanika utalisha sisimizi.

Loweka zabibu na tende zilizokatwa katika mililita 150 za chai ya rangi nzito na maji ya chungwa moja, usiku mzima, ndani ya friji. Yakilala nje kwa joto la hapa yanachacha. Wapo wanaotumia ramu, na kweli keki ya ramu huhifadhika wiki nyingi, lakini keki ya chai inaweza kupelekwa kwa kila jirani, na Mombasa sahani ya sikukuu haichagui dini. Kwa sababu hiyohiyo acha vanila ya chupa, ambayo mara nyingi ina kileo. Iliki inatosha.

Asubuhi chuja matunda vizuri. Sasa siagi: hapa ndipo keki nyingi za pwani zinapoharibikia. Siagi na sukari hupigwa ili zishike hewa, na siagi iliyoyeyuka haishiki hewa. Toa siagi kwenye friji, ikate vipande, ngoja tu mpaka kidole kiache alama bila kuzama, na upige huku bakuli likiwa ndani ya beseni la maji baridi. Ikianza kung'aa kama mafuta, rudisha friji dakika 10. Mayai yawe ya joto la jikoni, yaingie moja moja. Mchanganyiko ukikatika, tia kijiko cha unga uendelee. Kisha unga na viungo, mwisho matunda na korosho. Rojo liwe zito kiasi cha kuanguka kwenye mwiko kwa shida. Likiwa jepesi, matunda yote yatazama chini, na hakuna ujanja wa kupaka matunda unga utakaoyaokoa.

Tandaza karatasi ya kuokea mara mbili ndani ya chombo, na nje funga gazeti lililokunjwa. Oka nyuzi 150, saa mbili hadi mbili na nusu. Baada ya saa moja na nusu funika juu kwa foili. Keki ikipasuka katikati, moto ulikuwa mkali.

Stima ikipotea, au kama huna oveni, jiko la makaa linafanya kazi hii vizuri, ila gazeti liondoe. Tandaza mchanga mkavu sentimita 3 ndani ya sufuria kubwa, weka vijiwe vitatu, funika, pasha dakika 15. Ingiza keki, funika kwa mfuniko wa bati na upalie: makaa ya juu yawe mara mbili ya yale ya chini. Makaa ya chini yakizidi, kitako kitaungua kabla katikati hapajashika. Yapunguze hadi uweze kuuweka mkono sentimita 15 juu yake ukahesabu polepole mpaka tano. Keki imeiva njiti ikitoka kavu.

Ipoe ndani ya chombo chake, izungushie karatasi kisha foili. Keki ya chai inaweza kuitangulia tarehe 20, maana itakaa friji: ioke kati ya tarehe 17 na 19. Bila friji, ioke tarehe 22. Mkebe wa keki uwekwe juu ya kikombe kilichofudikizwa ndani ya sinia la maji. Maji yatawazuia sisimizi.

Nyumba ya biskuti

Unga gramu 450, siagi 150, sukari 180, yai moja, tangawizi ya unga vijiko viwili vya chai, mdalasini kimoja, maziwa vijiko viwili au vitatu vikubwa. Hakuna asali, kwa kuwa asali huvuta unyevu, na hakuna hamira, kwa kuwa kuta zitavimba zisikutane. Kanda, weka friji saa moja, sukuma milimita 5. Kata kwa violezo vya karatasi ngumu: kuta mbili za ubavuni za sentimita 14 kwa 9. Kuta mbili za mbele na nyuma zenye upana wa 12, urefu wa 9 pembeni na 15 kwenye kilele. Paa mbili za 17 kwa 10. Oka nyuzi 170, dakika 15 hadi 18, na zikitoka zikiwa bado za moto weka kiolezo juu unyooshe kingo kwa kisu. Zirudishe kwenye oveni iliyozimwa, mlango wazi kidogo, nusu saa. Hapo ndipo zinapopata ukavu wa kusimama.

Gundi ni ute wa yai moja, gramu 220 za sukari ya aisingi na nusu kijiko cha chai cha ndimu, upige mpaka kilele kisimame. Sukari ya kuyeyusha hushika mara moja, lakini kwa hewa yetu kesho yake inadondoka. Simamisha kuta tarehe 22 usiku, ziegemeze kwa vikombe, washa feni, na paa lisiguswe hadi asubuhi. Ute ni mbichi, kwa hiyo yai lisiwe na ufa, na wajawazito na watoto wadogo wapewe biskuti zisizopakwa.

Paa lipambwe kwa nazi kavu iliyokatwa vipande vyembamba na kukaangwa bila mafuta hadi iwe kahawia. Bandika kama fundi wa makuti: anza chini, panda juu, kila safu ifunike nusu ya ile iliyotangulia.

Tarehe 27 hivi kuta zitakuwa zimelegea hata ungefanya nini. Ivunje, panga vipande kwenye bakuli, mwagia kastadi ya moto na uache dakika 10 kabla ya kula.