Salamanda wa vidimbwi: namna ya kuchukua sampuli za vinasaba bila kudanganywa na ndugu

Salamanda ana umbo la mjusi lakini ukoo wake ni wa chura, na kusini mwa Sahara hayupo. Mwongozo huu ni wa mwanafunzi wa uzamili aliye kaskazini-mashariki mwa Marekani, anayetaka kujua kama salamanda wa madoa (Ambystoma maculatum) wa kidimbwi kimoja huzaliana na wa kidimbwi cha jirani.

Hatua ya 1. Omba vibali mapema, cha idara ya wanyamapori ya jimbo na cha kamati ya chuo. Kabla ya hapo usiguse hata yai.

Hatua ya 2. Tafuta vidimbwi vya msimu visivyo na samaki. Salamanda waliokomaa huviendea kutaga usiku wa mvua za mwanzo, Machi au Aprili. Ramani yako ioneshe pia barabara na mashamba yaliyo katikati.

Hatua ya 3. Hapa ndipo tasnifu nyingi huharibikia. Ukizamisha wavu mara moja utatoka na viluwiluwi tele, huenda wengi wao ni wa mama mmoja. Programu ya STRUCTURE, inayopanga wanyama katika makundi kwa vinasaba vyao, itaziona familia hizo kama jamii tofauti, nawe utaandika sura nzima juu ya mpaka usiokuwepo. Chukua yai moja tu kwa kila bonge la mayai, kutoka pande zote za kidimbwi. Hata hivyo hujapona: jike mmoja hutaga mabonge kadhaa. Menya ute wote unaolizunguka yai, maana ndani yake huota mwani wa kijani wenye vinasaba vyake. Hifadhi kiinitete kwenye ethanoli ya 95%, na lebo andika kwa penseli, wino utafutika.

Hatua ya 4. Safisha buti na nyavu kwa jiki kabla ya kuhamia kidimbwi kingine. Kuvu na virusi vinavyoua amfibia husafiri na matope.

Hatua ya 5. Usiote kusoma jenomu nzima, yaani vinasaba vyote vya mnyama. Ya axolotl, salamanda wa Meksiko aliye jamaa yake, ina herufi za DNA takriban bilioni 32, mara kumi ya binadamu. Maikrosatelaiti (vipande vifupi vya DNA vinavyojirudia) au RADseq (kusoma maelfu ya vipande vidogo vya jenomu) zinatosha.

Hatua ya 6. Anza na programu ya COLONY ikuoneshe ndugu. Usiwafute wote, kwani kidimbwi kidogo kina ndugu kweli; fanya uchambuzi ukiwa nao, kisha bila wao, ulinganishe. Ndipo uende kwenye jaribio la Hardy-Weinberg (kama vinasaba vimegawanyika inavyotarajiwa katika jamii inayozaliana kiholela) na FST (kipimo cha tofauti za vinasaba kati ya jamii). FST ikiwa ndogo ng'ambo na ng'ambo ya barabara kuu, usikimbilie kusema barabara haina madhara: salamanda huyu huweza kuishi miaka 20, na vizazi vilivyopita tangu lami imwagwe ni vichache.