Kupanda mwaloni mwembamba huku Denver bila kuuua na kiu ya winta

Kama uko Denver, Aurora au popote huku chini ya milima ya Rockies na nyumba yako imebanana na ya jirani, huu mti utakufaa. Ni mwaloni, ukoo mmoja na ile mialoni ya Mamre tunayoisoma kwenye Biblia, ila huu unapanda wima, mwembamba kama ile miti ya ashoki kwenye mageti ya Dar, ila matawi yake yote yanaelekea juu. Wangu wa kwanza ulikufa. Nilidhani ni baridi, kumbe ni kiu, kwahiyo nikifika kwenye maji nitaongea sana, mnivumilie.

Kwanza aina. Regal Prince unafika futi 40 mpaka 60 na upana wake unapita futi 20, sio mwembamba kama unavyouona kitaluni, usiubandike ukutani. Crimson Spire ni kama futi 15 kwa upana na majani yanageuka mekundu kabla hayajakauka. Kindred Spirit ndo fimbo kabisa, futi 6 hivi. Ule wa Ulaya wenyewe, Quercus robur 'Fastigiata', ni mzuri ila majani yake hupata ukungu mweupe kama umemwagiwa unga. Alafu kuna mmoja unaitwa Green Pillar, huo uache hata ukipewa bei ya kutupa, ni Quercus palustris na aina hiyo ya mwaloni haielewani na udongo wetu wa chokaa, majani yatakuwa ya njano na mishipa ya kijani kila mwaka sababu mizizi inashindwa kuchukua chuma. Hata hizo aina nyingine zikianza unjano, tafuta dawa ya chuma iliyoandikwa EDDHA, nyingine kwenye udongo huu ni kutupa hela.

Kupanda: Aprili au Mei ukishaweza kuchimba. Piga 811 siku kadhaa kabla, ni bure, waje waweke alama za bomba la gesi na nyaya. Shimo liwe pana mara mbili au tatu ya bonge la mizizi ila lisiwe refu kwenda chini, maana udongo wa mfinyanzi unashika maji na mti uliozama unaoza taratibu. Pale shina linapotanuka kuingia kwenye mizizi pabaki juu ya ardhi inchi moja au mbili, na mara nyingi kitaluni wanapafukia, so kwangua udongo mpaka upaone. Kama ulikuwa kwenye ndoo na mizizi imejizungusha, ikate kwa kisu bila huruma. Rudishia udongo uleule, mbolea mwaka wa kwanza hapana. Juu weka matandazo ya vipande vya mbao inchi 3 au 4, yasiguse shina.

Haya, maji. Huku kwa mwaka mzima tunapata inchi 14 au 15 tu za mvua na theluji ukijumlisha, na winta jua linawaka, upepo mkavu unapiga wiki nzima, na theluji unayoiona leo kesho imepotea hewani kabla haijaloweka chochote. Mimi kosa langu, Oktoba nilifunga mpira wa maji nikauweka gereji, nikaja kuutoa Aprili, nikijua mti umelala hauhitaji kitu. Mti umelala ndio, ila mizizi iko hai na inakauka. Kipimo ni galoni 10 kwa kila inchi moja ya unene wa shina, kwahiyo shina la inchi moja na nusu ni galoni 15. Kuanzia Oktoba mpaka Machi, mara moja au mbili kwa mwezi kama theluji haijalala, chagua siku imepita nyuzi 40 za Farenhaiti na ardhi haijaganda, mwagilia mchana ili yazame kabla ya usiku. Mimi natumia ndoo tatu za galoni 5, nimezitoboa vitobo viwili viwili chini, naziweka kuzunguka mti sio kwenye shina lenyewe, nazijaza naenda kunywa chai, maji yanashuka polepole. Kiangazi ni zaidi ya hapo, ila chomeka bisibisi ndefu kwanza, ikizama kirahisi na ikatoka na tope acha siku mbili.

Novemba zungushia shina karatasi ya kufungia miti kuanzia chini, sababu jua la mchana linapasha gome upande wa kusini magharibi alafu usiku linaganda na kupasuka. Aprili itoe, ikibaki wadudu wanahamia.

Theluji nzito ya Oktoba ikikuta majani bado, matawi yanafunguka kama mwavuli uliovunjika. Chukua ufagio usukume kutoka chini kwenda juu, taratibu. Ikishakuwa barafu usiguse.

Na usishtuke majani yakikauka kahawia na kugoma kudondoka winta nzima, nyingi ya hii mialoni ndo ilivyo. Jirani yangu aliniambia wa pili nao umekufa. Aprili miti yote ya mtaani ilikuwa kijani, wangu kimya, nikakwaruza kijitawi kwa ukucha, ndani kijani kibichi. Majani yalitoka Mei.