Kutoa kwa kukopa: zana ya salfeti na chelewa, hatua kwa hatua

Walimu wenzangu wa darasa la pili habari zenu, mi niko Kigoma, darasa langu lina watoto 80 na kitu, na hii zana nimeitumia mwenyewe.

Hatua ya 1. Kabla hujashika mkasi pitia madaftari uone wanakosea wapi. Mwanzoni sikufanya hivo, nilinunua manila na maki peni nikachora chati nzuri kweli nikaibandika ukutani, wiki inaisha bado wananiandikia 42 - 17 = 35. Nikamwita mmoja, hebu nielezee umefanyaje, akasema mwalimu 2 kutoa 7 haiwezekani kwa hiyo nimefanya 7 kutoa 2. Pale ndo nikaelewa, mtoto hajui kwamba ile 4 ni makumi manne na kwamba kumi moja linaweza kufunguliwa. Zana yako ijibu hilo kosa moja tu.

Hatua ya 2. Chukua salfeti ya mchele iliyoisha, ichane itandazike, piga mstari katikati, kushoto andika MAKUMI kulia MAMOJA. Chelewa, yaani njiti za katikati ya majani ya mchikichi, huku kwetu michikichi imejaa, kata vijiti urefu wa kidole, 100 kwa kila kundi la watoto sita, af tyubu mbovu ya baiskeli ikate vipete vya kufungia kumi kumi. Usitegemee rangi kutofautisha, wapo watoto, hasa wavulana, hawatofautishi nyekundu na kijani.

Hatua ya 3, hii ndo yenyewe. Wapange 42, mafungu manne kushoto, vijiti viwili kulia, waambie watoe 17 waanzie kwenye mamoja. Watakwama. Nakuomba usiwaokoe haraka, waulize tu, ukitumwa sokoni Mwanga na noti ya elfu kumi na muuzaji hana chenji inakuwaje? Tunaenda kuchenji! Basi atatokea mmoja atavuta fungu afungue kipete, vijiti kulia vinakuwa 12, wanatoa 7 vinabaki 5, kushoto mafungu 3 wanatoa 1 yanabaki 2, jibu 25 na wameliona kwa macho yao. Mvua ikipiga bati mpaka sauti yako haisikiki mikono inaendelea na kazi, chati yangu ya ukutani isingeweza hilo.

Hatua ya 4. Anza kuiondoa. Mwanasaikolojia Jerome Bruner wa Marekani miaka ya 1960 alieleza njia tatu, kutenda, picha, alama, na mi nazifuata kwa mpangilio huo: wiki ya kwanza vijiti, ya pili wanachora mafungu daftarini, ya tatu tarakimu tupu. Anayekwama mrudishie vijiti bila kumsema.

Kila kundi lina kopo lake, na kabla ya kengele wanafunga kumi kumi wanahesabu mafungu, yakiwa tisa wanainama chini ya madawati kutafuta.